Mikorosho Isiyopulizwa

Bandari ya Mtwara haikujengwa kwa ajili ya korosho. Msimu ukifika na malori yakapanga foleni kutoka maghalani, ni rahisi kuamini kwamba zao hili ndilo lililoleta gati. Aliyeleta gati, na reli ambayo wazee wetu waliiona kwa macho yao, ni karanga. Na karanga zenyewe hazikufika.

Nimeisikia habari hii tangu utotoni, na kila nikiifikiria naona kwamba kusini hatuna somo kubwa kuliko hili juu ya namna watu wanavyofikia kujua jambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa wiki tisa, maeneo mengi ukiyatazama kutoka angani. Ukarudi na pendekezo la kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu. Yakachaguliwa maeneo ya Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Kwa sababu ya Nachingwea ikabidi ijengwe reli, na kwa sababu ya reli ikabidi ijengwe bandari.

Kongwa ndiko kulikoanza. Mwaka 1947 lengo lilikuwa kusafisha ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Mizizi ya vichaka ilivunja mashine. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye mpango. Udongo ulipokauka ulikaza mpaka karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mradi, zaidi ya pauni milioni 36 zikiwa zimekwishapotea. Reli yetu iliendelea kwa muda, ikafungwa mwaka 1962.

Waliopanga mradi ule walikuwa watu waliosoma, wengine wameishi Afrika miaka mingi, na fedha walikuwa nazo. Walichoruka ni hatua moja ndogo ya bei nafuu: shamba la majaribio, liachwe lipite misimu kadhaa kwenye udongo uleule na mvua zilezile, kabla ya kuagiza buldoza. Ugumu wa udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ungejionyesha katika eka chache. Mvua za Ugogo zinazokuja na kukata zingejionyesha katika misimu michache, na Mgogo yeyote mwenye jembe angeweza kuwasimulia bila malipo. Badala yake swali liliulizwa kwenye ekari maelfu kwa mpigo, na jibu likaja kwa ukubwa uleule.

Zao ni lilelile. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho chenye dhamana ya kitaifa ya korosho na mbegu za mafuta, zikiwamo ufuta na karanga. Mwaka 2009 zilitolewa aina mpya za karanga kutokana na kazi ya kituo hicho, zikapewa majina ya kwetu: Mangaka, Masasi, Mnanje, Naliendele, na mojawapo inaitwa Nachingwea 2009. Mbegu haifikii kupewa jina kwa mtu kuipenda. Inapandwa kwenye vishamba vidogo, sehemu tofauti, misimu tofauti, kila mara ikiwa ubavuni mwa mbegu ambayo wakulima tayari wanaitumia, na mavuno yanapimwa kwa mizani. Baada ya hapo inapitia majaribio rasmi ya taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini. Ni kazi ya miaka, na inachosha. Karanga inayoitwa Nachingwea ipo mashambani leo kwa sababu kuna watu waliokubali kuchoka hivyo.

Hayo maneno "ubavuni mwa mbegu ambayo wakulima tayari wanaitumia" ndiyo nimeyaandikia makala haya. Kazi yangu ni ya udadisi. Napita kwenye kaya na dodoso, siku hizi likiwa ndani ya kishikwambi, nauliza na kuandika. Katika kazi hiyo nimefikia kuamini kwamba kuona peke yake hakutoshi kumpa mtu ujuzi. Lazima kile unachokiona kiwe na kitu cha kulinganishwa nacho, na kitu hicho mara nyingi kina gharama ambayo lazima mtu fulani ailipe.

Chukua mikorosho ya mjomba wangu, kule Tandahimba. Kwetu mjomba si mtu wa kupita. Ukoo wetu unahesabiwa kwa upande wa mama, na neno la mjomba ndilo linalofunga mazungumzo. Kwa hiyo nilipomuuliza jambo juu ya dawa yake nilianza kwa shikamoo na nikasubiri amalize kahawa.

Kwa wasiotoka huku: adui mkubwa wa mkorosho ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaotandaza unga mweupe juu ya majani machanga na maua. Ua likishaunguzwa halitoi korosho. Ukungu huo unapenda asubuhi zenye ubaridi na unyevu, yaani miezi ileile ambayo mikorosho yetu inachanua. Uliripotiwa nchini mwaka 1979, na tangu hapo kilimo cha korosho kimekuwa kilimo cha kupuliza. Wengi wanatumia salfa ya unga, mashine mgongoni, alfajiri kabla upepo haujaamka, kisha wanarudia baada ya wiki mbili hivi mpaka matunda yashike. Zipo pia dawa za maji, na kila msimu muuzaji ana yake anayoisifu.

"Dawa ya mwaka huu kiboko, mjomba," aliniambia. Kwetu mjomba naye humwita mpwa wake mjomba.

"Umejuaje?"

"Si unaona maua? Hayana hata doa."

"Ukilinganisha na nini?"

Akafikiri. "Na mwaka jana."

Hapo ndipo penye kazi. Mwaka jana unyevu wa asubuhi ulikuwa mwingi. Mwaka huu jua liliwahi. Ubwiriunga ungepungua hata kama angepuliza majivu. Akasema basi alinganishe na jirani yake. Lakini mikorosho ya jirani ilipandwa kwa mbegu, kama ya kwake, na mkorosho uliotokana na mbegu haufanani na ndugu zake: huu unazaa sana, ule wa pembeni yake, umri mmoja, udongo mmoja, unazaa kidogo, na mmoja unavumilia ubwiriunga kuliko mwingine. Tofauti kati ya shamba lake na la jirani ingekuwapo hata kama wote wawili wangepuliza dawa moja.

Nikamwambia: acha michache bila kupuliza.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Na hoja zake mbili nilizipokea kwa heshima, kwa sababu ndizo hoja ambazo watafiti wenyewe wanazikalia vikao. Ya kwanza: mkorosho usiopulizwa ni ada ya mtoto. Ya pili: mkorosho wenye ukungu ni ghala la ukungu, upepo utaupeleka kwenye mikorosho mingine, ya kwake na ya watu. Mtu anayesema wakulima hawafikiri kisayansi angesikia hoja hiyo ya pili. Imebeba ndani yake tatizo zima la majaribio ya mashambani: miti haikai kila mmoja kwenye chumba chake. Ukungu unahama, na salfa nayo inahama. Unga unaopulizwa mkorosho mmoja unapeperuka na kutua kwenye wa pili, kwa hiyo mti unaodhani hukuupuliza umekwisha kula dawa ya mwenzake. Ndiyo maana kwenye shamba la majaribio lililopangwa vizuri kuna mistari ya miti inayoachwa katikati kama mpaka, miti ambayo mavuno yake hayahesabiwi kabisa.

Tukaafikiana jambo lingine. Asiache mkorosho bila dawa. Alinganishe dawa mpya na salfa aliyoizoea. Swali lake halisi lilikuwa hilo tangu mwanzo. Hakuwa na shaka kwamba kupuliza ni bora kuliko kutopuliza. Alitaka kujua kama dawa hii ya bei kubwa inamzidishia kitu. Katika utafiti wa tiba hospitalini mara nyingi wanafuata utaratibu huohuo: pakiwa tayari na dawa inayofanya kazi, dawa mpya inalinganishwa na hiyo, wala hakuna mgonjwa anayeachwa mikono mitupu ili tu watu wajue.

Likabaki swali la ipi ipate ipi. Mjomba akaanza kuonyesha kwa kidole: ule, ule, na ule pale. Alikuwa anachagua mikorosho iliyochoka kwa ajili ya salfa, na mizuri kwa ajili ya dawa mpya aliyoinunua kwa fedha nyingi. Hakufanya kwa hila. Mkono wa mtu unafuata moyo wake, na moyo ulikuwa umekwishaamua nani ashinde.

Hapa ndipo ninapomheshimu sana Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted. Kituo hicho kilikuwa na kumbukumbu za mavuno tangu mwaka 1843, na Fisher alipoziingia alikuta mbolea, mvua, magugu na tabia ya kila kishamba vimefungwa pamoja kiasi kwamba mchango wa kimoja ulikuwa mgumu kuutenga na wa kingine. Aliyoyaona yalimfikisha kwenye kanuni ambayo leo iko kwenye kila jaribio zuri, la mbegu au la chanjo: kura ndiyo iamue nani apate nini. Kura haimjui mkorosho mzuri. Tofauti usizozijua, na hata zile usizoweza kuzifikiria, zinagawanyika pande zote mbili bila upendeleo. Na tofauti unazozijua, zitenge kwanza: mikorosho ya upande wa bonde, ambako unyevu wa asubuhi unakaa, iwe kundi lake, ya juu penye upepo iwe kundi lake, kisha piga kura ndani ya kila kundi.

Tukaandika namba kwa chokaa kwenye mashina, tukakata vipande vya karatasi, vikaingia kwenye kofia yake. Shangazi alikuja kutazama akauliza kama tunacheza bahati nasibu. Kila mkorosho ukapewa kiroba chake, kwa sababu korosho zikiokotwa zikachanganywa, msimu mzima wa kazi umekwenda bure. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kura. Watoto wanaokota kwa mbio, wanakandua mabibo, na mtoto haoni kwa nini korosho iliyoangukia hapa isiingie kwenye kiroba cha pale. Watu wengi wakisikia neno utafiti wanafikiria darubini na makoti meupe. Sehemu kubwa ya utafiti ninaoujua ni kuhakikisha kiroba namba 14 kina korosho za mti namba 14.

Yako mambo ambayo huwezi kuyapigia kura. Hakuna atakayegawa watu kwa kura, hawa waugue na hawa wasiugue. Hata hivyo kuna wakati mazingira yenyewe yanapanga ulinganisho, na mtafiti mwenye macho anauona.

Mwaka 1952 homa ya ajabu ilizuka Newala na vijiji vya uwanda wa Makonde. Ilikuja ghafla, na maumivu ya viungo yalikuwa makali kiasi cha kumlaza mtu mzima. Daktari Marion Robinson alieleza dalili za wagonjwa, W. H. R. Lumsden akaeleza namna ugonjwa ulivyosambaa. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955. R. W. Ross wa taasisi ya virusi ya Entebbe akakipata kirusi kwenye damu ya mgonjwa. Leo dunia nzima inakiita chikungunya, jina la Kimakonde, na kimefika Asia na Amerika.

Homa ile ilifanana na dengi, na ingekuwa rahisi kuiita dengi na kufunga jalada. Kilichowafikisha mbali ni kuunganisha mambo ambayo kila moja, likiwa peke yake, lilikuwa dhaifu. Uwanda wa Makonde ni mkavu juu. Wanawake waliteka maji mbali mabondeni wakayahifadhi ndani kwenye mitungi, na maji yaliyotulia ndani ya nyumba ndiyo makazi anayoyapenda mbu aina ya Aedes aegypti. Hilo ni jambo la jiografia na la maisha ya nyumbani. Halafu mbu waliokamatwa majumbani wakapimwa, kirusi kikapatikana pia ndani yao. Hilo ni jambo la maabara. Halafu vichanga vya panya vilivyodungwa damu ya wagonjwa vikaugua. Uzi mmoja ungekatika. Zilipofungamana nyuzi zote, zikashika. Nawaambia vijana ninaofanya nao kazi kwamba swali moja lijibiwe kwa njia zaidi ya moja, njia zisizofanana, na kama majibu yanakubaliana bila kushauriana, hapo unaweza kuanza kuwa na imani.

Kwenye baraza za kwetu kuna mjadala mmoja usioisha: nani aliua korosho? Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Mzee mmoja atasema ni ubwiriunga. Wa pili atasema ni Operesheni Vijiji, watu walihamishwa wakaacha mikorosho yao porini, nani atatembea mwendo wote huo kwenda kupalilia? Wa tatu atasema ni bei. Mkulima alipewa kidogo mno, akaona bora alime muhogo. Kila mmoja ana ushahidi wa macho yake. Kila mmoja anasema kweli juu ya alichokiona.

Historia hairudiwi ili tuone ingekuwaje bila vijiji, au bila ukungu. Lakini mpangilio wa miaka unaweza kutusaidia. Uzalishaji ulianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1970, wakati watu wakihamishiwa vijijini. Ubwiriunga uliripotiwa mwaka 1979. Jambo lililokuja baadaye haliwezi kuwa ndilo lililoanzisha. Kwa hiyo mzee wa kwanza ana kazi ya kutueleza miaka ile kabla ya ukungu, ingawa anaweza kuwa sahihi kabisa kwamba ukungu ndio uliozuia mikorosho kuinuka tena. Na mikorosho iliyotelekezwa, haikupaliliwa wala kupogolewa, ikafungamana matawi, ndiyo inayopenda kukaa na unyevu, na unyevu ni rafiki wa ukungu. Visababishi vinaweza kushikana mikono. Uzalishaji ulipopanda tena miaka ya 1990, salfa ilikuwa imesambaa na biashara ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi, yote mawili karibu kwa wakati mmoja. Anayetaka kumpa sifa mmoja peke yake anasema zaidi ya ushahidi unavyoruhusu. Mimi msimamo wangu ni kwamba kuhamishwa na bei ndivyo vilivyoanza na ukungu ndio uliomalizia, na nitaubadili akitokea mtu na takwimu za kijiji ambacho watu hawakuhamishwa na mikorosho ikaporomoka vilevile katika miaka ileile.

Sasa nifike kwenye utafiti unaonigusa kuliko yote, kwa sababu unahusu watoto wachanga wa mikoa yetu miwili. Katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, kati ya mwaka 2010 na 2013, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipima mpango wa watu wa kujitolea waliochaguliwa vijijini. Walimtembelea mama nyumbani akiwa mjamzito na tena siku za mwanzo baada ya kujifungua. Walimshauri ajifungulie kituoni, ajiandae na vifaa safi, mtoto afunikwe apate joto, anyonyeshwe mapema na asipewe kitu kingine. Nani angepinga mpango kama huo? Kata 132 zikagawanywa kwa kura: karibu nusu zikapata mpango, zilizobaki zikaendelea na huduma zilizokuwapo.

Mwisho wa yote, baadhi ya mazoea yalikuwa yamebadilika kwa uzuri katika kata zenye mpango, unyonyeshaji ukiwa mmojawapo. Lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko katika kata za kulinganisha.

Nikiwaeleza watu, wengine wanakasirika, kana kwamba waliojitolea wametukanwa. Ninaelewa. Hata mimi ningependa jibu lingine. Lakini fikiria pasingekuwa na zile kata za kulinganisha. Katika miaka hiyohiyo akina mama wanaojifungulia vituoni walikuwa wakiongezeka kwa kasi, katika kata zote, zenye mpango na zisizo nao. Mtu ambaye angetazama kata zenye mpango peke yake angeona wingi huo, angepiga makofi, angeandika ripoti nene, na fedha za nchi zingeelekezwa huko kwa imani. Wale akina mama wa kata ambazo hazikupata mgeni mlangoni ndio waliotuwezesha kujua ukweli. Na ukweli ukatuelekeza mahali pengine pa kutazama: mama akishafika kituoni anakuta nini, mtoto asiyepumua anasaidiwa na nani, kwa kifaa gani. Jibu la "haikupunguza" linaokoa fedha na miaka, na likiandikwa wazi kama walivyoliandika hawa, linastahili heshima ileile tunayoipa habari njema.

Kuhusu dodoso nina machache. Watu wanadhani ukweli unakaa mdomoni mwa mhojiwa ukisubiri kuulizwa. Muulize mkulima wa Newala ana ekari ngapi za korosho, atakutajia idadi ya mikorosho, kwa sababu ndivyo anavyoijua mali yake. Ukimlazimisha ekari atakupa namba ya kukuridhisha. Muulize alivuna kiasi gani, naye anawaza kama wewe ni wa kodi, wa chama cha ushirika anachodaiwa, au unatafuta waliouza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa nje ya mfumo rasmi, kabla ya msimu. Ndiyo maana tunaeleza tumetoka wapi, tunaomba ridhaa, tunamwambia anaweza kukataa, na tunamaanisha. Ndiyo maana pia tunamwomba atuonyeshe stakabadhi za ghalani, tukaziweka pembeni ya maneno yake. Miaka nayo haikumbukwi kwa namba. Hakuna anayesema 2018. Wanasema mwaka ule jeshi lilipobeba korosho, na hapo kila mtu anajua alikuwa wapi na alivuna nini. Mdadisi asiye na kalenda ya matukio ya kijiji anakusanya makisio.

Ila kuna jambo moja linalonikera na nitalisema. Wanakuja watafiti, wanauliza mambo ya ndani kabisa ya kaya za watu, wanaondoka, na kijiji hakisikii tena. Bibi mmoja katika kitongoji kimoja huku uwandani aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, majibu yetu yalisema nini?" Niliona aibu kwa niaba ya kazi nzima. Sheria na vibali vinamlazimisha mtafiti kueleza wakubwa. Bibi yule ndiye aliyetoa saa zake mbili wakati mahindi yakimngoja.

Tangu hapo, kila kazi ninayoshika, naomba nafasi ya kurudi na ukurasa mmoja wa Kiswahili kabla ripoti haijafungwa. Ya mwisho tuliisoma kwenye mkutano wa kijiji, chini ya mwembe wa ofisi, mtendaji akiwa ameshika karatasi. Palikuwa na mstari uliosema kwamba kaya zinazoongozwa na wanawake zinavuna korosho kidogo kwa kila mkorosho. Tulikuwa tumeupa maelezo yetu: hawana fedha za salfa, hawana nguvu kazi. Mama mmoja akainuka, akasalimu wazee, akasema mstari huo si sahihi. Mikorosho yao inazaa kama ya wengine, alisema. Ila wajane na walioachwa ndio wanaowekesha mikorosho kwa wenye fedha mapema, miezi ya njaa. Zile korosho zinaokotwa na aliyekopesha, zinaingia ghalani kwa jina lake, na dodoso linazihesabu kwake. Wanawake wengine wakaitikia. Mwanamume mmoja mwenye mikorosho mingi akainamisha kichwa, kisha akasema ni kweli, hata yeye anayo ya watu watatu.

Tulirudi kwenye kaya zile na swali jipya: msimu huu, mikorosho yako mingapi imeokotwa na mtu mwingine? Jedwali likabadilika. Kwa kaya nyingi za wanawake pengo la mavuno likapungua sana, na likatokea pengo jingine, la deni, ambalo dodoso letu la kwanza halikuwa na mahali pa kuliandikia.